Mwenzangu anakatala kutoa karatasi za kampani: niende parke (ofisi ya mwendesha mashitaka), tribinali ya biashara, eksperti, ao Marekani?

kamalondo_vipuri (Lubumbashi)

Jambo yenu bandugu. Munisamehe juu ya urefu, lakini kila avoka mwenye ninafikia ananionyesha njia yake na anaomba feza yake mbele, sasa ninataka kusikia benye bamepita kwa hizi njia.

Njo hivi. 2021 tulifungua SARL (kampani ya washirika) na mutu mwenye tulikuwa tunapatana tangu masomo, ya kuuza vipuri vya makamyo na mashine za mugodi. Mi niliweka feza, niko na 30% kwa statuti (karatasi ya kuanzisha kampani). Yeye njo jeran (meneja wa kampani), yeye njo anasinya kwa banki, yeye njo anaongea na muuzaji wa Houston kule Marekani. Miaka mbili ya kwanza faida ilikuwa inaonekana, kisha ikaanza konteneri imelala Kasumbalesa kwa mupaka, duane (ushuru) imepandisha, muuzaji amebadilisha bei, kila mwezi iko na yake.

Siku moja nikaingia kwa biro kutafuta kopi ya statuti, nikakuta fakture mbili ndani ya farde moja. Namba ileile, tarehe ileile, mota zilezile. Moja inasema dola 41 200, ingine 58 700. Kwa ile ya 58 700 konti ya banki si ile yenye tulikuwa tunatumaka feza, na jina ya muuzaji inakosa herufi moja. Nikapiga foto zote mbili, mikono inatetemeka. Kesho yake farde haikuwa tena pale.

Ninataka releve za banki (orodha ya feza yenye iliingia na kutoka), fakture zote, karatasi za duane, na mesaji zake na Houston. Nimeomba kwa mudomo, anacheka tu. Munanishauri nini?

mama_wa_ruashi (Lubumbashi)

Mwanangu pole sana, ile ya fakture mbili inanikumbusha mambo yangu mpaka tumbo inaniuma.

Mi nilienda parke. Bote walinisukuma kule, "mama weka mashitaka ya escroquerie (utapeli) atalala ndani atatoa yote". Ni kweli alilala ndani, siku mbili. Akatoa dola elfu tatu, akatoka. Karatasi? Hata moja! OPJ (polisi wa upelelezi) alimuuliza iko wapi buku ya kampani, akajibu iko kwa kontable, kontable akajibu iko kwa patron, dosie ikalala. Na yenye iliniumiza zaidi, wakati nilipeleka kesi tribinali ya biashara kudai feza yangu, avoka yake akasimama kusema iko kesi ya parke juu ya mambo ileile, basi hii ya biashara ingojee. Zuzi akakubali. Niko ninangojea mpaka leo.

Sisemi parke ni mubaya kwa kila mutu. Ninasema kama unatafuta karatasi, usianze na kifungo.

kontable_bkv (Bukavu)

Ndugu wa Kamalondo, mimi ni mhasibu, nimekaa upande wa wale wanaofungua mafarde, kwa hiyo niruhusu niseme kirefu.

Wengi wetu tunasahau kwamba tangu tarehe 12/09/2012 Congo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja ya biashara, na sheria ya makampani ya OHADA, ile iliyorekebishwa 2014, inampa asosie (mshirika mwenye sehemu ya kampani) silaha ambazo hazihitaji kesi ya kugombana. Ya kwanza ni haki yako ya kupewa habari. Wewe si mgeni anayebisha mlango, ni mwenye nyumba. Asosie wa SARL anaweza kudai kopi za bilani (hesabu za mwaka) na ripoti za miaka mitatu ya mwisho, wakati wowote, kwa gharama yake. Andika barua, ipeleke kwa mkono wa huisie (afisa wa tribinali anayepeleka barua rasmi), siyo WhatsApp. Asipojibu, ule ukimya wake ni karatasi yako ya kwanza.

Ya pili, na hapa ndipo ningeweka nguvu zangu zote: kifungu cha 159. Asosie mwenye angalau 10% ya mtaji anaweza kumwomba prezida wa tribinali ateue eksperti wa kuchunguza operesheni moja au kadhaa za usimamizi. Uko na 30%, umepita mbali. Zamani ilikuwa moja ya tano, 2014 ikashushwa. Na anayemlipa eksperti ni kampani, siyo mfuko wako, hilo watu hawalijui kabisa.

Lakini sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu wanaangukia. Usiandike "eksperti achunguze mambo yote ya kampani tangu 2021". Itakataliwa, kwa sababu kifungu kinasema operesheni, siyo maisha yote ya kampani. Andika: ununuzi wa mota, fakture namba fulani, ya tarehe fulani, iliyolipwa kwa konti fulani. Operesheni tatu, nne, basi. Eksperti akiingia kwa hizo tatu, releve ya banki itabidi ifunguliwe, na releve haisemi mstari mmoja tu.

Halafu akikwambia karatasi zimepotea: sheria ya uhasibu ya OHADA inadai vitabu na karatasi zake vilindwe miaka kumi. Kampani ya 2021 haina haki ya kupoteza chochote.

birere_kla (Goma, sasa Kampala)

Mi nitaleta ya huku mulinganishe. Nilikuwa na kesi ya biashara Kampala na mutu tulikuwa tunapandisha naye mali toka Mombasa, na huku sheria ni ya Waingereza, iko kitu wanaita diskaveri. Maana yake kila upande anaandika orodha ya karatasi zote ziko kwake zinazohusu kesi, ANAAPA, hata zile zinamuumiza mwenyewe! Mi sikuamini. Nilifikiri avoka ananidanganya, nani atajitolea kisu cha kumukata? Lakini ukikatala, zuzi anaweza kufuta utetezi wako unabaki bila mudomo kwa kesi, na ukiwa ndiye ulishitaki anafuta kesi yako.

Yule wangu alianza na mchezo, akaleta mabox mengi ya karatasi bila mupango, risiti za mafuta, za chakula, ili tuchoke. Avoka wangu akaandika barua moja ya ukurasa moja: tunataka bordero za meli za miezi sita, basi. Zikaletwa. Na ndani ya moja njo tuliona konteneri iliuzwa mbele ifike.

Kwa hiyo kaka yangu kama unaweza kupeleka kesi yako inje ya Congo, peleka. Kwetu zuzi anakungojea wewe ulete karatasi, na karatasi iko kwa mwizi.

avoka_katuba (Lubumbashi)

Yaya Birere, na heshima yote, hapo mwisho siko pamoja na weye. Kampani ni ya Lubumbashi, jeran ni wa Lubumbashi, statuti zimesinywa hapa. Kampala itamwambia nenda kwenu.

Lakini tofauti yenye umesema ni ya kweli na ninataka kamalondo aishike muzuri. Kwa Waingereza na Wamarekani, pande mbili njo zinachimbana zenyewe kwa zenyewe mbele kesi isikilizwe. Kwetu, tulirisi ya Wabelgiji, kila mutu analeta ushahidi wake na zuzi njo anaamuru ingine. Unaweza kumuomba aamuru jeran alete karatasi, na uombe astrenti, ni kusema kila siku ya kuchelewa analipa. Mbele ya tribinali ya biashara kuna wafanyabiashara wanakaa na zuzi, na wafanyabiashara wanajua fakture mbili za namba moja maana yake nini, hauna lazima ya kuwafundisha. Lakini lazima karatasi uitaje. "Alete yote" haipite.

Juu ya parke mama wa Ruashi amesema kweli, na mi naongeza: ifunge vizuri kichwani ni kosa gani. Kutumia feza yenye alikabiziwa ni abus de confiance, kifungu 95 ya sheria ya makosa ya Congo. Kudanganya kwa ujanja mpaka unatoa feza ni escroquerie, 98. Ile fakture kama ni ya uongo iko faux (kughushi), 124. Usipoweza kuonyesha moja ya hizi watakwambia ni deni tu, nenda civil (kesi ya kudai feza, siyo ya kifungo). Lakini parke iko na kitu moja tribinali inatoa kwa shida: inaweza kuandikia banki moja kwa moja, na siri ya banki haisimame mbele yake. Kwa hiyo mi sisemi isitumiwe, ninasema ije nyuma ya eksperti, ukiwa na ripoti mkononi. Hapo OPJ hatauliza tena buku iko wapi.

mama_wa_ruashi (Lubumbashi)

Na wakati eksperti anatafutwa, yule anachoma karatasi na anauza stoki. Avoka, hilo unamujibu nini?

avoka_katuba (Lubumbashi)

Saisie conservatoire, mama. Inaombwa kwa zuzi bila kumupigia jeran ngoma, kama deni inaonekana kuwa na musingi na feza iko hatarini. Stoki na konti vinafungwa mbele ajue. Lakini ukishafunga unatakiwa kupeleka kesi ndani ya mwezi moja, ukilala inaanguka. Karatasi zenye anaweza kuchoma ni za kwake. Za banki, za duane na za Houston hawezi kufikia na kiberiti.

wa_katuba_tx (Texas)

Hiyo neno ya mwisho njo imenifanya niandike. Mi natoka Katuba, nafanya kazi kwa biro ya maavoka huku Texas, siko avoka, nipo upande wa madosie.

Bandugu munaongea juu ya kumulazimisha jeran, lakini nusu ya karatasi haiko kwake. Iko Houston. Kwa sheria ya Marekani kuna kifungu, 28 U.S.C. 1782, kinaruhusu mutu mwenye kesi inje aombe tribinali ya federali ya pale mwenye karatasi anakaa, imuamuru azitoe zitumike kwa ile kesi ya inje. Houston inaangukia kwa wilaya ya kusini ya Texas. Tangu hukumu ya 2004 kwa kesi ya Intel na AMD, kampani mbili za Marekani, si lazima kesi iwe imeshafunguliwa, inatosha iwe inaonekana inakuja kweli, na hata uchunguzi wa parke unaingia. Zuzi hana lazima ya kukubali, anapima: je ni usumbufu mukubwa, je unazunguka sheria ya kwenu. Ukiomba fakture na risiti za mteja moja, miaka mitatu, ni ombi dogo. Ukiomba emeli zao zote na Afrika, utafukuzwa.

Kushitaki kabisa huku siwezi kukushauri. Ni kweli kwa kesi za huku ukiandika ombi la karatasi mwenzako anapewa siku 30 kujibu, akikatala ao akijibu nusu-nusu, kwanza maavoka wanalazimika kuongea kwa nia njema, ikishindikana unapeleka ombi la kumulazimisha, na zuzi anaweza kumulipisha gharama za avoka wako. Na mutu akifuta mesaji makusudi ili zisionekane, jury (baraza la raia wenye wanasikiliza kesi) linaweza kuambiwa liamini zilikuwa zinamuumiza. Ni silaha kali. Lakini saa ya avoka huku itakumaliza, na kosa la udanganyifu unatakiwa kulieleza tangu karatasi ya kwanza, nani, lini, kiasi gani, wapi. Na juu ya yote jeran wako haishi huku.

Sasa swali moja, kaka, usikasirike. Ulishamuuliza yule muuzaji? Kwa adresi ya emeli ya zamani, ile ya kweli, siyo ile iko kwa fakture ya 58 700. Mutumie foto zote mbili uulize gani ni yake. Jina lake limetumiwa, na yeye pia ameibiwa.

kamalondo_vipuri (Lubumbashi)

Bandugu, nimengojea siku kumi na moja mbele ya kurudi hapa.

Wa Katuba, Mungu akubariki. Nilimuandikia usiku uleule. Sikuwahi kufikiria kumuuliza, juu kichwani mwangu muuzaji alikuwa wa jeran. Alijibu siku ya tano: fakture ya 41 200 ni yake, ingine hajawahi kuiona, ile konti haiko yake. Akatuma kopi yake na muhuri wa tarehe ya kulipwa. Nilipomuomba na zingine za miaka yote akasema maavoka wake wanamukataza bila amri ya tribinali, lakini hatafuta kitu, ameandika hivyo kwa emeli.

Nikamupelekea avoka, akanyamaza muda murefu akizisoma, akauliza tu: huyu jeran anajua? Hajui.

Kwa hiyo mpango ni huu. Ombi la saisie linaingia kwanza, juu mama wa Ruashi alinitia woga wa stoki, na woga wake ni wa kweli. Kisha barua ya huisie ya kudai bilani tatu. Na ombi la 159 liko tayari na operesheni tatu tu, kontable, nimeandika namba za fakture mbele ya kila moja kama ulivyosema, na tarehe. Parke itangojea ripoti.

kontable_bkv (Bukavu)

Kwa ombi la 159 ongeza sentensi moja: eksperti aruhusiwe kulinganisha na karatasi za duane za Kasumbalesa. Bei iliyotangazwa kule iko na tarehe na muhuri, na jeran ndiye aliyeisinya. Kama alitangaza 41 200 kwa duane na akakuandikia wewe 58 700, hapo hana tena mahali pa kutokea.

kamalondo_vipuri (Lubumbashi)

Nimeongeza. Huisie anapita kesho saa tatu.