Manometri (kipimo cha presha) ya njia ya haja kubwa kwa kichanga: mstari haushuki, niandike "refleksi haipo"?

Mpimaji_Presha:
Wakuu, kazi njema. Kichanga wa wiki 5, kilo 3.6. Choo cheusi cha kwanza kilichelewa hadi baada ya saa 48, na tumbo linajaa mara kwa mara. Daktari anataka kujua kama ni Hirschsprung (ugonjwa ambao sehemu ya mwisho ya utumbo haina seli za neva). Katheta (mrija wa kupimia) ni ya kupitisha maji, chaneli 4, mililita 0.3 kwa dakika kwa kila chaneli, puto la lateksi kwenye ncha. Presha ya kupumzika inasoma mmHg 12 hadi 15. Puto limejazwa hewa mililita 5, kisha 10, mara mbili mbili. Mstari wa presha haukushuka hata mara moja, tena wakati mwingine uliruka juu. Mtoto alikuwa macho, analia. Hii inatosha kutoa jibu? Na kama ni kumlaza kwa dawa, ipi haiharibu kipimo?

Sfinkta_ya_Ndani:
Haitoshi, Mkuu. Kabla ya kusema refleksi haipo, hakikisha kipimo chako kingeweza kuiona kama ingekuwepo.

Anza na hiyo 12 hadi 15. Sehemu kubwa ya presha ya kupumzika hutoka kwenye sfinkta ya ndani (msuli wa ndani unaofunga njia ya haja kubwa), na refleksi ni kulegea kwa sfinkta hiyo puto linapojaa kwenye rektamu, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Ukianzia chini hivyo, mstari utashukia wapi? Huenda vihisi havimo kwenye sfinkta kabisa. Kwa mtoto wa umri huu mfereji ni mfupi mno, kama sentimita 2, kwa hiyo kosa la sentimita moja tu linakutoa nje. Vuta katheta nusu sentimita kila mara, tulia, soma, hadi upate mahali presha ni ya juu kuliko kwingine. Ukiona na vimawimbi vidogo vya 10 hadi 20 kwa dakika, ujue uko penyewe.

Kuruka juu ni sfinkta ya nje ikijibana, au ni kilio chenyewe. Tazama presha ya ndani ya puto wakati huo huo: ikipanda pamoja na ya mfereji, ni tumbo linakaza. Kubana huko hufunika kulegea kwa sfinkta ya ndani, na majaribio ya namna hiyo hayahesabiki.

Puto nalo lichunguzwe. Lijaze kwanza mkononi, ndani ya bakuli la maji, uone kama linatoa mapovu. Kisha kwa mtoto: jaza haraka, ndani ya sekunde moja au mbili, shikilia kama sekunde 5, toa hewa, subiri mstari urudi ulikokuwa kabla ya kurudia. Kinachotafutwa ni kushuka angalau mmHg 5 kisha kupanda tena taratibu, na hewa ikiongezwa kushuka kuwe kwa kina zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Rudia kila kiasi mara tatu.

Kuna na udanganyifu wa upande wa pili: puto likijaa husogeza katheta, kihisi kinatoka kwenye sfinkta, mstari unashuka, watu wanashangilia. Shika katheta kwa vidole, mkono ukiegemea kwenye makalio ya mtoto. Plasta peke yake huteleza.

Ganzi_na_Usingizi:
Kuhusu dawa: ketamini na midazolamu haziondoi refleksi. Propofoli hushusha presha ya kupumzika, na tatizo lako tayari ni presha ndogo. Atropini, ambayo wengi huichanganya na ketamini ili kukausha mate, hulegeza misuli laini. Kama imetumika iandikwe kwenye fomu.

Lakini kwa huyu nisingefikia huko. Ketamini chini ya miezi 3 ina hatari ya njia ya hewa. Mnyonyeshe hadi ashibe, mfunge vizuri kwenye khanga, subiri alale, ndipo uingize katheta na umwache dakika 5 aizoee. Refleksi haihitaji ushirikiano wa mtoto. Kubana, kusukuma na kusema "nasikia puto" ndivyo vinavyohitaji mtoto aliye macho na anayeelewa, na hao ni wa miaka 5 kwenda juu.

Sista_Kliniki:
Nyongeza tatu. Chaneli 4 kwa 0.3 ni mililita 1.2 kwa dakika. Dakika 20 ni mililita 24 za maji kwa mtoto wa kilo 3.6. Punguza hadi 0.1, na maji yawe ya uvuguvugu, kwani ya baridi yanamfanya abane. Ukipunguza kasi, kupanda kwa presha ndiko kutasomeka pungufu. Kushuka bado kutaonekana.

Rektamu iliyojaa choo isafishwe kwa salaini ya uvuguvugu saa kadhaa kabla. Enema ya fosfeti usimpe kichanga, huvuruga madini ya damu.

Lateksi: watoto wenye mgongo wazi wengi wana mzio nayo. Kwao tumieni puto la aina nyingine.

Mpimaji_Presha:
Shukrani. Na kama nikirekebisha yote na bado haishuki?

Sfinkta_ya_Ndani:
Hapo andika "haikuonekana", pamoja na presha ya msingi, viwango vya hewa ulivyotumia na hali ya mtoto. Ikionekana wazi, Hirschsprung inakuwa mbali sana. Isipoonekana, anakwenda kukatwa kinyama cha rektamu, kama sentimita 2 juu ya mstari wa meno (mpaka wa rektamu na mfereji wa haja kubwa). Chini ya hapo seli za ganglioni (hizo za neva) ni chache hata kwa mtoto mzima wa afya, na jibu litapotosha. Kinyama kikiwa na ganglioni lakini refleksi bado haipo, fikirieni akalasia ya sfinkta ya ndani, yaani sfinkta isiyolegea.

Kwa watoto wakubwa wenye rektamu iliyotanuka ni hesabu nyingine. Huanzia mililita 10 za hewa na kuongeza kumi kumi hadi 60, na bado ukuta unaweza kuwa haujanyooka. Wengine huhitaji zaidi ya 100 ndipo mstari ushuke. Na aliyekwisha kufanyiwa upasuaji wa Hirschsprung kwa kawaida refleksi hairudi, kwa hiyo kukosekana kwake hakuonyeshi kwamba upasuaji umeshindwa.