Re: Vijana wenye bastola mlangoni siku ya sherehe?

Kutoka: Msimamizi wa orodha, Houston

Ndugu na jamaa,

Kamati ya sherehe ya Desemba imeleta pendekezo: ukumbi wa kukodi, watu kama 300, na vijana wanne wasimame mlangoni na bastola kiunoni, zionekane, ili wahuni wajue pamekaliwa. Kura ni Jumapili. Kabla ya hapo wanaojua sheria na wanaojua silaha waandike. Leteni vifungu, hatua na mahali mambo yanapoharibikia. Zile za "siku moja mimi nilikuwa" tuziache kwenye WhatsApp.

Kutoka: Karani wa ofisi ya uhamiaji, Dallas

Shikamoo Msimamizi.

Kabla ya bastola, makaratasi. Hao vijana wanne wana hadhi gani ya uhamiaji? Texas inaweza kukuruhusu na Washington ikakufunga, kwa bastola ile ile, siku ile ile.

Kifungu ni 922(g)(5) cha sheria ya shirikisho. Kinamkataza kumiliki au kushika silaha, na hata risasi moja, mtu aliyeko nchini bila kibali, na pia aliyeingia kwa viza ya muda. Viza ya muda ni F-1 ya masomo, J-1 ya mabadilishano, H-1B ya kazi, B-2 ya matembezi, hata K-1 ya mchumba. Kwamba viza yako ni halali na kodi unalipa haikusaidii. Adhabu ilikuwa hadi miaka 10. Tangu 2022 ni hadi 15.

Mtego uko kwenye "kushika". Bunduki ya kukodi kwenye uwanja wa shabaha, dakika kumi na marafiki wa chuo, hiyo ni kushika. Ndivyo ilivyoanza kesi ya Rehaif: mwanafunzi wa viza, alama mbaya, chuo kikamwondoa, akaenda uwanjani akapiga bunduki mbili, akashtakiwa. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisema lazima serikali ithibitishe kwamba mshtakiwa alijua hadhi yake ya uhamiaji. Watu husherehekea hukumu hiyo. Aliyesoma barua hii hawezi tena kuitumia, sasa anajua.

Anayeruhusiwa ni mwenye kadi ya kijani, mkimbizi aliyepokelewa rasmi na aliyekwisha kupewa hifadhi. Aliyeomba hifadhi, viza ikaisha, bado anasubiri jibu: asiguse. Kuna mwanya mmoja kwa wenye viza ya muda, nao ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Mwanya upo kweli, ila leseni ya Texas huisha Agosti 31. Usipoihuisha, unaamka Septemba 1 ukiwa mhalifu na bunduki ile ile kabatini. Na aliyepoteza hadhi kabisa, leseni ya swala haimwokoi.

Wenye kadi ya kijani nao wasilale. Sheria ya uhamiaji, 8 U.S.C. 1227(a)(2)(C), inasema ukitiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria, unaweza kuondolewa nchini. Kosa ambalo jirani yako Mmarekani analimaliza kwa faini, wewe linaweza kukufikisha kwa jaji wa uhamiaji. Kwa hiyo mtu wetu akikamatwa na jambo la silaha, asikubali "makubaliano mazuri" ya wakili wa jinai mpaka wakili wa uhamiaji ayasome.

Fomu 4473, ile unayojaza dukani ukinunua silaha: inauliza uraia, inataka namba yako ya uhamiaji, na inauliza kuhusu bangi, pamoja na onyo kwamba jimbo kuihalalisha hakubadilishi sheria ya shirikisho. Uongo humo ni kosa kubwa peke yake. Na ndugu, kumnunulia binamu asiyeruhusiwa "kwa jina langu tu" kuna kifungu chake tangu 2022, hadi miaka 15.

Kutoka: Mkufunzi wa shabaha, Fort Worth

Karani ameandika sawa, lakini naona watu watasoma na kufunga mjadala. Mwenye haki ana haki. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Heller, 2008, ilisema silaha ni haki ya mtu binafsi, na ile ya Bruen ya 2022 ikasema haiishii mlangoni pa nyumba yako. Hapa Texas, tangu Januari 1, 2016 mwenye leseni aliweza kubeba bastola waziwazi; tangu Septemba 1, 2021, mwenye miaka 21 asiyekatazwa anabeba hata bila leseni, ya kuonekana au ya kufichwa. Sharti: ya kuonekana iwe ndani ya holsta, yaani mfuko wa bastola. Mkimbizi wa kambi za Kigoma au wa Uvira aliyekimbia watu wenye bunduki haki hiyo anayo pia, na sipendi tunapoizungumzia kama ugonjwa.

Leseni bado inatolewa, na mimi nasema ichukuliwe. Ada ni dola 40, darasa la muda wa saa nne hadi sita, mtihani wa kuandika na wa shabaha. Faida kubwa isiyotajwa: sheria ya shirikisho inakataza silaha ndani ya futi 1,000 za uwanja wa shule, na aliyepewa leseni na jimbo ana msamaha ambao asiye na leseni hana. Piga hesabu ni shule ngapi unapita ukienda kununua mkate.

Sasa mlango. Hapo napinga kamati, na sababu yangu ni ya ufundi. Mlango wa sherehe ni msongamano: watu wanakumbatiana, watoto wanapita usawa wa kiuno, mtu anakushika bega kutoka nyuma. Bastola inayoonekana inahitaji holsta ya plastiki ngumu yenye kufuli ya kidole gumba, inayofunika kifyatulio chote, juu ya mkanda mnene usiokunjika. Ninazoziona viunoni ni za kitambaa za dola 15. Hizo hufunga mdomo bastola ikitoka. Ukiirudisha unasukuma kwa nguvu, na pindo la shati au kamba ya jaketi inaingia kwenye kifyatulio. Watu husema "imejifyatua yenyewe". Aliyeifyatua ni kamba. Halafu mkono mmoja umebeba soda, wa pili unasalimia, nani analinda holsta? Mlinzi wa kweli hufundishwa kuipigania. Vijana wetu hawajafundishwa.

Kutoka: Dada wa Minneapolis

Mkufunzi, heshima yako. Haki naijua. Naongeza tu kwamba haki hii haionekani sawa kwenye kila kiuno.

Huku Minnesota lazima uwe na kibali kubeba bastola hadharani, ya kuonekana au ya kufichwa. Kinatolewa na sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, kinadumu miaka mitano. Philando Castile alikuwa nacho. Julai 6, 2016, Falcon Heights, alisimamishwa barabarani, akamwambia askari kwa adabu kwamba ana silaha, na ndani ya sekunde chache akafyatuliwa risasi saba. Askari aliachiwa na baraza la wazee wa mahakama (jury) Juni 2017. Siku moja baada ya kifo hicho, Dallas, mwandamanaji mweusi aliyebeba bunduki yake kihalali alitangazwa na polisi kwa picha kuwa mshukiwa wa mauaji ya askari. Alijisalimisha mwenyewe kwa askari, na hakuwa na hatia yoyote.

Wala si jambo la juzi. California ilipiga marufuku kubeba silaha yenye risasi hadharani mwaka 1967, baada ya Black Panther, chama cha wanaharakati weusi, kuanza kufanya hivyo, na gavana aliyesaini alikuwa Ronald Reagan. Kwa hiyo nikisikia vijana wetu wanne weusi, lafudhi ya Kiafrika, bastola nje, usiku, jirani anapiga 911, namba ya dharura, na askari anakuja akiwa ameambiwa tu "watu wenye bunduki", sijiulizi sheria inasema nini. Najiuliza nani atakuwa na muda wa kumsomea.

Mkisimamishwa mkiwa na silaha garini: simama mahali penye mwanga, washa taa ya ndani, teremsha kioo, mikono miwili juu ya usukani. Pochi na karatasi za gari zisikae droo moja na bastola. Hilo lipange kabla ya kuondoka nyumbani. Texas, askari akikuomba kitambulisho na una leseni ya bastola uliyoibeba, unatoa vyote viwili. Sema kwanza "nina leseni ya kubeba" na useme silaha iko wapi, bila kuelekeza kidole. Mkono usitoke kwenye usukani mpaka uambiwe.

Kutoka: Mratibu wa kumbi, Houston

Nijibu la ukumbi, maana wote mmelizunguka.

Kwanza, ulinzi wenyewe. Kijana akilipwa, au akivaa fulana ya SECURITY, mnaingia kwenye sheria ya walinzi binafsi wa Texas, inayodai kampuni yenye leseni na mlinzi aliyesajiliwa kubeba silaha. Makanisa na misikiti yalipata msamaha 2017 kwa wanaojitolea, mradi wasilipwe na wasivae sare wala beji yenye neno hilo. Sherehe yetu si ibada. Ajirini askari polisi aliye nje ya zamu. Wengi hudai kima cha chini cha saa nne. Ni ghali kuliko vijana wetu na ni nafuu kuliko wakili.

Pili, pombe. Ukumbi wenye kibali cha baa, unaopata asilimia 51 au zaidi ya mapato yake kwa pombe ya kunywea hapo hapo, una kibao chenye 51% kubwa nyekundu. Humo haingii bastola hata kwa mwenye leseni. Ukumbi usio na kibao hicho, mkileta vinywaji vyenu, hauna katazo hilo, ila aliyelewa na bastola kiunoni tayari ana kosa. Wote tunajua saa tano usiku inakuwaje.

Tatu, mkitaka silaha zisiingie kabisa. Picha ya bastola iliyopigwa mstari mwekundu, ile ya kununua mtandaoni, haimfungi mwenye leseni. Yanahitajika mabango matatu, yanayoitwa kwa namba za vifungu vya sheria ya Texas, kila moja na maneno yake ya kisheria, kwa Kiingereza na Kihispania, herufi zenye urefu wa inchi moja angalau, rangi zinazopingana, kwenye kila mlango wa kuingilia:

30.05 inawazuia wasio na leseni, na inataja silaha ya moto kwa jumla, kwa hiyo hata bunduki ndefu imo. 30.06 inamzuia mwenye leseni aliyeificha. 30.07 inamzuia mwenye leseni anayeionyesha. Ukiweka 30.07 peke yake umekataza ya kuonekana tu. Ya ndani ya koti inaingia na wewe unaikaribisha.

Akipita bango, kosa ni faini isiyozidi dola 200. Akiambiwa ana kwa ana aondoke, akabaki, linapanda hadi kosa la daraja A: mpaka mwaka mmoja jela na dola 4,000. Kwa hiyo kamati ichague mtu mmoja wa kusema, na mwenye ukumbi amtaje kwenye mkataba. Bango la Kiswahili liwekwe kwa ajili ya wazee wetu, lakini lisihesabiwe kati ya yale matatu.

Kutoka: Mkufunzi wa shabaha, Fort Worth

Mratibu, asante. Ila mkiweka mabango hayo mjue kinachofuata: bastola kumi na tano zinavuliwa kwenye maegesho, gizani, na watu waliochelewa. Ajali hutokea hapo, na wezi wa magari huwa wanatazama nani anavua nini.

Tangazo la sherehe liseme mapema: silaha ibaki nyumbani. Aliyekuja nayo asiitoe kwenye holsta. Avue holsta nzima na bastola ndani yake, aifungie kwenye kisanduku cha chuma chenye waya uliozungushwa chuma cha kiti, na afanye hivyo kituo cha mafuta kabla ya kufika. Droo ya gari si sefu.

Nyumbani: chomoa magazini (kasha la risasi) kwanza, ndipo uvute kitelezo, ile sehemu ya juu ya bastola inayorudi nyuma. Anayevuta kwanza anatoa risasi moja na kuingiza nyingine chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, halafu anachomoa magazini akiamini ni tupu. Tazama chemba kwa jicho, kisha ingiza kidole kidogo uguse. Waya wa kufuli unaokuja na bastola mpya ya dukani hupita tundu la kutolea maganda ya risasi na kutokea chini ya mpini. Ukipita hapo magazini haiingii na kitelezo hakifungi. Texas, mtoto wa chini ya miaka 17 akiipata ikiwa na risasi kwa uzembe wako, kosa ni lako.

Kutoka: Dada wa Minneapolis

Na mtu mzima pia. Mwaka 2023 waliokufa kwa bunduki nchini walikuwa 46,728, na 27,300 kati yao walijiua. Ndugu aliyepoteza kazi au anayesubiri barua ya uhamiaji, mwombeni silaha yake ikae kwingine kwa muda. Ila aliyepokea awe mtu anayeruhusiwa kuishika. Rudini kwenye barua ya Karani.

Kutoka: Msimamizi wa orodha, Houston

Marahaba Karani, na asanteni wote. Pendekezo la vijana wanne nalitoa kwenye karatasi ya kura. Linaingia moja tu: polisi wawili nje ya zamu, kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita, na mabango matatu.

Mratibu, ukumbi una mlango wa jikoni unaotokea maegesho, na wageni huutumia wakitoka kuvuta sigara. Nao unahesabika? Kama ndiyo, tuchapishe seti mbili. Aliyetuma sampuli jana, herufi zake nimezipima kwa rula: robo tatu ya inchi. Rudia.