Injini inajichakachulia oili yenyewe, halafu tunaambiwa "ni kawaida, bosi"

Oili ya injini haizaliani, wakuu. Ukiijaza mpaka mstari wa juu wa dipstiki (kile kijiti cha kupimia oili), ukaendesha wiki kadhaa, ukapima tena na kukuta imepanda kupita pale ulipoiacha, basi kuna kitu kimeingia humo. Kwenye gari langu kilichoingia ni petroli. Wala haihitaji utaalamu, chomoa dipstiki uisogeze puani, unapata harufu ya kituo cha mafuta. Lakini gereji inayojitangaza kuwa mabingwa wa magari ya kisasa wamenizungusha tangu baridi ya Juni ianze, na jibu lao ni lile lile: "Ni kawaida, bosi."

Kawaida ya nani?

Niko Njombe. Anayepafahamu huku anajua asubuhi za Juni na Julai zilivyo. Gari ni SUV ndogo iliyotumika kutoka Japani, injini ya petroli ya cc 1,500, turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), na nozeli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda. Safari zangu ni za hapa hapa mjini: shule ya watoto, ofisini, sokoni, nyumbani. Jina la kampuni silitaji, maana tatizo si la kampuni moja, na sitaki uzi huu ugeuke ligi ya mashabiki.

Kwa wasiolijua jambo hili. Injini za zamani nozeli humwaga petroli kwenye njia ya hewa, inachanganyika huko kabla ya kuingia kwenye silinda. Hizi mpya nozeli iko ndani ya silinda yenyewe, inapuliza kwa presha ya bar 200 na kuendelea, na muda wa kuchanganyika ni mdogo mno. Injini ikiwa baridi, kompyuta inaongeza petroli ili gari lisizime. Sasa sehemu ya petroli hiyo haiwahi kugeuka mvuke. Inagonga ukuta wa silinda ambao bado ni wa baridi, inaosha utando wa oili uliopo pale, inapenya kwenye ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Presha ya turbo nayo inasaidia kuisukuma. Mtu wa Dar kwenda Morogoro hana shida sana, kwa sababu oili yake inapata moto wa kutosha, petroli inapaa kama mvuke na kurudishwa kwenye njia ya hewa ikaungue. Mimi wa kilomita tatu nazima injini kabla oili haijashika moto, na kesho asubuhi naongeza petroli nyingine juu ya ile ya jana. Na msidanganywe na geji ya temperecha ya kwenye dashibodi. Ile inapima maji, na maji hupata moto mapema kuliko oili.

Nikatuma sampuli kwenye maabara moja Dar inayopima oili za mitambo ya migodini. Majibu: petroli imevuka asilimia 5, na mnato, yaani uzito wa oili, kwa nyuzi 100 ni senti-stoki 5.7. Gari linatumia 0W-20 (0W ni wepesi wake kwenye baridi, 20 ni uzito wake ikiwa moto). Oili ya namba 20 hairuhusiwi kushuka chini ya 6.9, na hata ya namba 16 mwisho wake ni 6.1. Kwa maneno mengine nilikuwa natembea na oili ambayo ukiiweka kwenye kopo haistahili namba iliyoandikwa juu yake. Na mhimili wa turbo unazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, unaelea juu ya utando huo huo wa oili!

Haya, sikilizeni majibu ya hao mabingwa.

Kwanza: "Aliyekubadilishia oili alizidisha." Aliyebadilisha ni wao. Risiti ninayo, ina muhuri wao.

Pili, wakafyonza kama nusu lita, wakanionyesha dipstiki, "sasa iko sawa." Iko sawa vipi? Chai iliyozidi maji ukiipunguza nusu kikombe, iliyobaki inakolea? Wameshusha kimo tu, petroli bado imo kwa asilimia ile ile, na kwa huduma hiyo wakanitoza.

Tatu, wakaja na la mafuta. Eti huku mikoani tunauziwa petroli iliyochakachuliwa. Serikali ilianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010, kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa 2011 ili kuua biashara hiyo hiyo ya kuyachanganya na mafuta mengine, na mimi najaza kituo kile kile anachojaza jirani yangu mwenye IST, kagari kadogo ka Toyota kasiko na turbo, ambaye oili yake haijawahi kupanda hata milimita. Nikawaambia sawa, kagueni nozeli kama zinavuja, kagueni na pampu ya presha kubwa, maana sili yake ikikatika inamwaga petroli kwenye oili. Wakakagua (nililipa). Nzima zote. Sasa mnasemaje? "Ni kawaida, bosi."

Nne ndiyo iliyonifanya nifungue uzi. Fundi mkuu wao, kwa kujiamini kabisa, akasema tuweke 20W-50 "iwe nzito, itavumilia". Injini yenye njia za oili nyembamba namna hii, asubuhi ya Njombe, 20W-50! Itafika kwenye turbo saa ngapi? Kupanda hatua moja hadi 5W-30, kama kitabu cha gari kinairuhusu, hapo tunaweza kuzungumza. Si huo ujinga.

Na kopo lenyewe walilokuwa wananiwekea siku zote nimelisoma: API SL (API ni taasisi ya Marekani inayopanga viwango vya oili). Hicho ni kiwango cha mwaka 2001, miaka mingi kabla injini hizi hazijazagaa. API walitoa SN Plus mwaka 2018 na SP mwaka 2020, na sababu mojawapo kubwa ni injini hizi hizi. Ukikanyaga mafuta gari likiwa kwenye mizunguko ya chini, turbo inasukuma, tone la oili lililochanganyika na petroli linaweza kuwaka lenyewe kabla ya plagi kutoa cheche. Mlipuko wa namna hiyo unavunja pistoni. SP hazizuii petroli kuingia kwenye oili, lakini zimetengenezwa kupunguza balaa hilo. Dukani zipo, bei haipishani kiasi cha kuua mtu.

Kinachonichoma zaidi ni kitabu. Gari lilikuja na kitabu chake cha Kijapani, kimekaa kwenye droo tangu bandarini, wala aliyeniuzia hakukigusa. Nimekielekezea kamera ya simu ikanitafsiria. Oili: kila kilomita 5,000 au miezi sita. Kwa matumizi magumu: kila 2,500 au miezi mitatu. Na matumizi magumu yametajwa wazi, mojawapo ni safari fupi fupi za chini ya kilomita 8. Ndiyo maisha yangu hayo! Sasa angalieni stika ya sevisi waliyonibandikia kwenye kioo: kilomita 10,000. Mara nne ya alichoandika mwenye injini yake. Namba hiyo wameitoa wapi? Nimewauliza kwa mdomo, nimewauliza kwa WhatsApp, tiki mbili za bluu, kimya.

Wala msiniambie ni mambo ya kufikirika. Mwaka 2018 China, Honda walisimamisha kuuza CR-V mpya kwa sababu ya oili kupanda kwenye injini ya 1.5 turbo wakati wa baridi, baada ya mamlaka ya ubora ya huko kuukataa mpango wao wa kwanza wa kuyaita magari yarudi kurekebishwa. Yaliyohusika yalikuwa mamia ya maelfu, na Civic zikiwemo. Marekani waliongeza muda wa waranti. Gari langu si Honda, lakini fizikia haina nembo. Wenzetu wa Mazda za dizeli wanalijua zaidi, maana kwao dizeli inashuka kwenye oili pale gari linapochoma masizi ya kwenye chujio la moshi, na dipstiki yake ina alama ya X juu ya mstari wa mwisho: ikifika hapo, badilisha oili. Angalau wale wameiandika kwenye chuma.

Najua mnakuja na "ungenunua IST" na "uza". Nimuuzie nani, mwenzangu mwingine wa Njombe?

Ninachofanya: oili nimeimwaga yote, nimeweka SP, nabadilisha kila 2,500, na Jumapili nalipeleka Makambako na kurudi ili lipate moto. Gharama hizo zote ni zangu. Madai yangu kwa gereji ni fedha ya sevisi za SL, ya kufyonza ile nusu lita, na fundi huru akague turbo kwa bili yao. Wana mpaka Ijumaa. Baada ya hapo barua inakwenda Tume ya Ushindani, pamoja na majibu ya maabara, risiti, picha ya stika na picha ya ule ukurasa wa kitabu.

Wenye turbo za petroli Makete, Mafinga, Mbulu, Lushoto: pimeni asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa sehemu tambarare, mtupie picha ya dipstiki hapa na kilomita tangu oili ibadilishwe. Naziambatanisha.