Foleni ya chama au jina la mgombea? Mjadala kuhusu kura mpya ya Bunge la Wales

Bahari Mbili: Ndugu zangu, sheria ya 2024 imeongeza wabunge wa Senedd, Bunge la Wales lililoko Cardiff, kutoka 60 hadi 96. Majimbo 32 ya Wales katika Westminster, Bunge la Uingereza lililoko London, yameunganishwa mawilimawili yakawa 16, na kila moja linatoa wabunge 6. Mpigakura ana kura moja tu, ya chama au ya mgombea binafsi. Majina ya wagombea wa chama yamo kwenye karatasi, lakini huwezi kumruka wa kwanza ukamchagua wa tatu. Foleni imepangwa na chama. Uchaguzi wa kwanza wa namna hii ni ule wa tarehe 7 Mei 2026. Mimi naipinga foleni hiyo. Anayeitetea aseme kwa nini.

Mkokotozi: Naitetea, ila tuanze na hesabu, maana wengi wanaibishia bila kuijua. Inaitwa mbinu ya D'Hondt. Kura za kila chama zinagawanywa kwa idadi ya viti kilivyokwisha kupata, jumlisha moja. Mwenye namba kubwa anachukua kiti, kisha mnarudia hadi vitimie 6.

Chukua mfano wa kura 78,000: A 30,000, B 24,000, C 13,000, D 7,000, E 4,000. Kiti cha kwanza A (30,000), cha pili B (24,000), cha tatu A tena (15,000), cha nne C (13,000), cha tano B (12,000), cha sita A (10,000). Matokeo: A 3, B 2, C 1.

Sasa tazama D na E. Kila mmoja peke yake hapati kitu. Wangesimama kwa orodha moja wangekuwa na 11,000, wakamnyang'anya A kiti cha sita. Ndiyo maana chama kidogo kinachojitenga na mwenzake kinaumia. Kwa viti 6, anayevuka kura moja kati ya saba, yaani kama 14.3%, ana kiti cha uhakika. Chini ya hapo unategemea wengine wamegawanyikaje.

Hata hivyo ni afadhali kuliko zamani. Mwaka 2021 chama cha Labour kilipata viti 30 kati ya 60, nusu kamili, kwa kura za majimbo zisizofika 40%. Na vile viti 20 vya kanda, vilivyoongezwa juu ya 40 vya majimbo, vilikuwa foleni ya chama vilevile. Hakuna aliyepiga kelele.

Nyota ya Kaskazini: Mkokotozi, hesabu yako sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni ramani. Jimbo la Gwynedd Maldwyn linaanzia rasi ya Llŷn upande wa bahari hadi mpaka wa England. Upande mmoja Kiwelisi ndiyo lugha ya nyumbani na dukani. Mpakani hali ni tofauti kabisa. Chama kikiweka wagombea wake watatu wa juu wote kutoka upande mmoja, mkulima wa upande wa pili hana namna ya kumpandisha mtu wake. Atanyamaza, au atahama chama.

Wakili wa Kura: Naongeza la uchaguzi mdogo, kwa sababu hapo ndipo hasara ilipo kubwa. Oktoba 2025 kiti cha Caerphilly kilikuwa wazi baada ya mbunge kufariki. Labour walikishikilia tangu 1999. Wananchi wakaenda kupiga kura, na vyama vikapata hivi: Plaid Cymru 47%, Reform 36%, Labour 11%. Chini ya sheria mpya hilo halitokei. Kiti kikiwa wazi anaingia anayefuata kwenye orodha ya chama kilekile. Orodha ikiisha, kiti kinabaki kitupu hadi uchaguzi mkuu, na cha mgombea binafsi ndivyo hivyo. Chama kinaruhusiwa kuweka majina hadi 8. Chenye akili kitayajaza yote.

Bahari Mbili: Basi kwa nini hawakuchukua mfumo wa kupanga wagombea kwa namba, 1, 2, 3, kama Ireland ya Kaskazini? Tume ya 2004 ilipendekeza huo, jopo la wataalamu la 2017 likaupa nafasi ya kwanza.

Wakili wa Kura: Kwa sababu sheria ilihitaji theluthi mbili, kura 40 kati ya 60. Bila Labour hazitimii. Mwaka 2022 viongozi wa wakati huo, Mark Drakeford wa Labour na Adam Price wa Plaid, wakakubaliana: wabunge 96, orodha zilizofungwa, yaani foleni ambayo mpigakura haigeuzi. Ikapita Mei 2024 kwa 43 dhidi ya 16. Ndiyo bei iliyolipwa.

Kwa wasomaji walioko Wales: Mtanzania, Mkenya, Mkongo, Mrundi, yeyote mwenye kibali halali cha kuishi na umri wa miaka 16 anaweza kupiga kura hii. Ujiandikishe angalau siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi. Kitambulisho chenye picha hakidaiwi kituoni kwa uchaguzi wa Senedd, ingawa kwa ule wa Westminster kinadaiwa. Watu wanachanganya hizi mbili, wanabaki nyumbani bure.

Nyota ya Kaskazini: Sheria yenyewe inataka utekelezaji wake upitiwe baada ya 2026. Napendekeza njia ya Sweden: orodha ibaki, ila mpigakura aruhusiwe kuweka alama kwa jina moja, na anayefikisha 5% ya kura za chama chake jimboni apande juu.

Mkokotozi: Kwa chama A cha mfano wangu hiyo ni alama 1,500. Naikubali. Ila alama nyingi huangukia jina la kwanza, kwa hiyo 5% isipandishwe. Wakiiweka 10%, alama 3,000, foleni itabaki ileile.