Spika 12 za dari na amplifaya ya zamani ya volti 100: simu inaingiaje hapo?

Bandarini

Wakuu, salaam. Nyumba ya wageni Mji Mkongwe, ghorofa mbili na sehemu ya kulia chakula paani. Kuna mfumo wa spika uliofungwa miaka mingi iliyopita: spika 12 za dari, kila chumba kina swichi ya sauti ukutani, na nyaya zote zinashuka kwenye amplifaya moja ya wati 60 iliyo kabatini nyuma ya mapokezi. Nyuma ya amplifaya kuna MIC 1 hadi 3 (matundu makubwa ya milimita 6.3), AUX 1 na AUX 2 (RCA, tundu moja moja), na skrubu zilizoandikwa COM, 4Ω, 70V na 100V. Spika zimefungwa COM na 100V. Muziki ulikuwa unatoka kwenye deki ya CD ambayo imekufa.

Majaribio hadi sasa:

1. Simu kwenye MIC 2, kwa kebo ya milimita 3.5 yenye adapta ya kichwa kikubwa. Ala zinasikika zikikwaruza, lakini sauti ya mwimbaji haipo kabisa. Ngoma na gitaa tu, kama karaoke.
2. Kipokezi kidogo cha Bluetooth kwenye AUX 1. Muziki unatoka, ila kikichomekwa kwenye chaja kunakuwa na mngurumo nyumba nzima. Kikitumia betri yake, kimya.
3. Simu ikipanda paani, muziki unakatika.
4. Vyumba viwili vinasikika chini sana hata swichi ya ukutani ikifunguliwa mwisho.

Kuna mpango wa kuongeza spika 2 za wati 15 paani. Kuna wanaoshauri kung'oa kila kitu na kuanza upya. Naomba maoni ya wanaojua.

Waya_Mwekundu

Using'oe kitu. Waya zilizokwisha kupita ndani ya kuta za mawe ndizo mali hapo, amplifaya ni kitu cha kubadilishwa siku moja.

Kuhusu mwimbaji kupotea: tundu la MIC kwenye amplifaya za aina hiyo lina nguzo tatu, chanya, hasi na ardhi. Kazi yake ni kutoa tofauti kati ya chanya na hasi, ili kelele iliyoingia njiani kwenye waya zote mbili ijifute. Sasa kichwa cha simu nacho kina nguzo tatu, lakini kwake ni kushoto, kulia na ardhi. Ukikichomeka hapo, amplifaya inachukua kushoto na kuondoa humo kulia. Mwimbaji huwa amerekodiwa katikati, sawasawa pande zote mbili, kwa hiyo anajifuta mwenyewe. Vilivyo pembeni vinabaki. Na kukwaruza ni kwa sababu MIC inategemea milivolti chache tu, na simu inatoa karibu nusu volti au zaidi. Ondoa hapo kabisa, hata ukishusha kifundo cha MIC bado inajaa (inazidiwa) kabla ya kufika kwenye kifundo.

Mahali pa simu ni AUX. Lakini mfumo huo ni mono (njia moja ya sauti, hauna kushoto na kulia), na hapa wengi wanakosea namna mbili. Wa kwanza anachomeka waya mweupe (kushoto) peke yake na kuacha mwekundu (kulia) unaning'inia: nusu ya muziki inapotea, na kuna nyimbo za zamani ambazo gitaa zima liko upande mmoja. Wa pili ananunua kiunganishi cha Y na kubana mweupe na mwekundu pamoja. Hapo matokeo mawili ya kifaa yanasukumana, sauti inapungua na kuparuza.

Njia sahihi ni tatu, chagua moja:

Ya haraka: mweupe AUX 1, mwekundu AUX 2, vifundo vyote viwili kwenye namba moja. Amplifaya inachanganya yenyewe ndani. Hasara ni kwamba AUX zako zote zimekwisha.

Ya bure: kwenye simu, nenda Mipangilio, sehemu ya Ufikivu, washa sauti ya mono. Android na iPhone zote zina hiyo. Kisha mweupe peke yake unatosha. Lakini siku mgeni akiunganisha simu yake, umerudi pale pale.

Ya kudumu: rezista mbili za kilo-omu 1 (robo wati inatosha). Kata kebo ya 3.5. Waya wa kushoto kwenye rezista moja, wa kulia kwenye nyingine, ncha za pili za rezista zikutane na ziende kwenye sindano ya katikati ya RCA. Ardhi zote pamoja kwenye ganda la nje. Chomelea kwa risasi, funika kila rezista na mrija wake wa plastiki kabla ya kufunga, maana zikigusana na ganda utasikia kimya tu.

Kiwango: sauti ya simu au kipokezi iwe kama asilimia 85, halafu ukubwa uurekebishe kwenye AUX na kifundo kikuu. Simu ikiwa chini na amplifaya juu, unakuza kelele.

Kisima88

Mngurumo wa namba 2 ameshaujibu mwenyewe aliposema kwa betri ni kimya. Ni mzunguko wa ardhi: chaja na amplifaya zimekutana kwa njia mbili, kwenye umeme na kwenye ganda la RCA, na tofauti ndogo ya volteji kati yao inaingia kama sauti.

Fuata mpangilio huu. Kwanza, chaja na amplifaya vichomekwe kwenye ekstensheni moja, tundu zilizo jirani. Mara nyingine inaisha hapo. Pili, jaribu chaja nyingine, kwani chaja nyepesi nyepesi zinavuja kelele kali kama nyuki, ambayo si mzunguko wa ardhi. Tatu, weka kitenganishi cha ardhi kwenye kebo ya sauti. Ni kiboksi chenye transfoma mbili ndogo ndani, vinauzwa kwa mafundi redio za magari. Vya bei ndogo vinakula besi kidogo, lakini kwa spika za dari hutagundua.

Tafadhali, usikate waya wa ardhi wa amplifaya ili kuondoa mngurumo. Ushauri huo unazunguka sana, na siku transfoma ikivuja, ganda la amplifaya ndilo litakalompiga umeme mtu wa mapokezi.

Sikiliza pia aina ya mngurumo. Chomoa kila kitu kwenye AUX, shusha vifundo vyote isipokuwa kikuu. Ukibaki kusikia mvumo, tatizo liko ndani ya amplifaya: kapasita za kuchuja umeme zimekauka. Mvumo huo uko kwenye hezi 100, mara mbili ya ule wa ardhi ambao ni hezi 50. Fundi abadilishe kwa mikrofaradi zile zile, volteji sawa au zaidi, za nyuzi joto 105. Na azitoe chaji kwanza, zinakaa na umeme hata baada ya kuchomoa.

Omu_Nane

Namba 4 na swali la spika mpya ni kitu kimoja: hesabu ya mzigo. Hiyo haijafanywa, na ndiyo inayoua amplifaya.

Kwenye laini ya volti 100 kila spika ina transfoma ndogo mgongoni, yenye waya za kuchagua wati, kwa mfano 1.5, 3 na 6. Hujumlishi omu kama kwenye redio ya gari, unajumlisha wati ulizochagua. Jumla isizidi wati za amplifaya, na afadhali ibaki kama asilimia 80. Kwa wati 60, lenga 48.

Zima amplifaya kabla ya kugusa chochote. Muziki ukiwa juu, laini hiyo inabeba volti 100 kweli, inakung'ata kama soketi. Shusha spika moja moja uangalie waya upi wa transfoma umefungwa, andika. Kwenye vile vyumba viwili utakuta moja kati ya haya: waya umefungwa kwenye 1.5 wakati vingine viko kwenye 3 au 6, au swichi ya ukutani imeliwa. Kwa hewa ya chumvi ya Unguja, naanza na swichi. Ichomoe ukutani, tazama skrubu: ukiona unga wa kijani kwenye shaba, kata sentimita moja ya waya, menya upya, funga. Kujua kama swichi ndiyo mbovu, unganisha waya wa kuingia na wa kutoka moja kwa moja kwa dakika moja. Sauti ikirudi, badilisha swichi kwa nyingine ya volti 100 yenye wati sawa au zaidi ya spika zake. Si ya omu 8, zinafanana kwa sura.

Testa ya kawaida haitakupa wati. Inapima waya wa transfoma tu, kwa hiyo inasoma omu chache na kukutisha bure. Inafaa kujua laini imekatika au imegusana, basi. Mzigo halisi ni 10,000 gawanya kwa wati: wati 60 ni omu 167. Kinachosoma huo kweli ni mita ya impidansi, inayopima omu kwa umeme wa mawimbi kama wa muziki.

Na kwenye simu, zima ile ekolaiza ya kuongeza besi. Transfoma ndogo hizo zinajaa chini ya hezi 80 hivi, na zikijaa amplifaya inaona kama laini imegusana. Kama amplifaya ina kifundo cha BASS, kirudishe nyuma kidogo.

Bandarini

Shukrani sana. Nimeandika: spika 8 za vyumba na ukumbi ziko kwenye wati 3, spika 4 za paani ziko kwenye 6. Jumla 48. Swichi za vile vyumba viwili zina kijani kama mlivyosema. Kwa hiyo zile za wati 15 mbili haziingii?

Omu_Nane

48 na 30 ni 78, haziingii kwenye skrubu ya 100V. Lakini kuna mlango wa nyuma: hamisha laini yote kwenye 70V. Spika zilezile zilizofungwa kwa volti 100 zitavuta nusu ya wati zake, yaani 39 badala ya 78, na amplifaya inapumua. Unapoteza desibeli 3, si nyingi, maana nusu ya wati si nusu ya sauti masikioni. Waya zote zihame pamoja, usiache nyingine kwenye 100V na nyingine kwenye 70V, na 4Ω iachwe wazi. Kama paani kuna upepo na wageni wengi, basi nunua amplifaya ya pili ya wati 60 kwa paa peke yake.

Waya_Mwekundu

Limebaki la namba 3. Kuta za matumbawe na chokaa zinafika nusu mita, Bluetooth haina ubavu huo. Zile mita 10 za kwenye boksi ni za mahali pa wazi.

Tumia kipokezi cha Wi-Fi kabatini, simu itembee inapotaka. WiiM Mini inachukua AirPlay 2 na Spotify Connect (njia za kurusha muziki kwa Wi-Fi), ina tundu la 3.5, unaendelea na kebo ile ile ya rezista. Chromecast Audio ya mitumba bado inafanya kazi, ingawa Google waliacha kuitengeneza 2019. Mwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo) aweke shairport-sync, programu ya kupokea AirPlay, lakini aongeze kadi ya sauti, tundu la Pi lenyewe lina mkwaruzo wa kelele, na Pi 5 na Zero hazina tundu kabisa.

Tofauti moja ya kujua: kwa Spotify Connect au Cast (njia ya Chromecast), kipokezi kinavuta muziki chenyewe kutoka intaneti, simu inaamuru tu. Ikipigiwa, muziki hauguswi. Kwa Bluetooth, kipokezi kinavuta kutoka kwenye simu, kwa hiyo mlio wa ujumbe unaweza kwenda spika zote 12.

Paani ruta moja ya chini haitafika. Pandisha kebo ya LAN, weka kituo cha pili cha Wi-Fi juu, jina na nywila zilezile.

Kisima88

Nyongeza kwa kuwa ni biashara: akaunti binafsi ya Spotify hairuhusu kupiga muziki kwa wateja, na leseni ya muziki wa hadharani Zanzibar ni suala la COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar. Bora uliulize kabla ya kununua vifaa.