Benki imemtoa wakili wetu kwenye paneli wiki tano kabla ya siku tuliyopangiwa kukabidhiwa nyumba, gharama zote tumebebeshwa sisi

Wakuu, habari za majukumu. Hasira hii ninayo tangu Februari, na nimeona niitoe hapa kabla mwingine hajakutwa na yaliyonikuta. Naongelea England, kwa mlioko huku na mnaotaka kununua nyumba kwa mkopo wa benki.

Mimi ni nesi, mume wangu anaendesha basi, tunaishi Reading. Tumedunduliza miaka sita. Nyumba tuliyoipata ilikuwa ya paundi 335,000, vyumba vitatu, na uani kuna kibanda ambacho mwanangu alishakipangia baiskeli yake kabla hata hatujasaini kitu.

Wakili tulimtafuta wenyewe. Mama mmoja wa kwetu, ofisi yake iko juu ya duka la dawa, ana makarani wawili. Hatukumfuata kwa sababu ya undugu. Kianzio chetu kilitoka sehemu tatu: akiba yetu, upatu tunaocheza akina mama kumi na wawili, na hela za mama yangu mzazi aliyeuza kiwanja Kibaha. Huku wakili lazima ajiridhishe kila senti imetoka wapi, kwa sababu ya sheria za utakatishaji fedha. Nilimpelekea daftari letu la upatu, kaunta buku lenye majina na alama za vema kwa kalamu nyekundu. Hakuuliza upatu ni mdudu gani. Aliuliza nani anashika hela, zamu yangu iliangukia mwezi gani, na hela iliingiaje kwenye akaunti. Akataka barua ya mama, mkataba wa mauziano wenye mhuri wa serikali ya mtaa, na taarifa ya benki inayoonyesha hela zilivyotumwa. Ndani ya siku nne alikuwa amemaliza.

Jumatatu ya tarehe 24 Februari 2025 akanipigia nikiwa natoka zamu ya usiku. "Mwanangu, kaa chini kwanza. Benki yenu imenitoa kwenye paneli."

Kwa wasiojua: huku, mara nyingi wakili wako wa nyumba ndiye huyo huyo wakili wa benki inayokukopesha. Anakagua hati kwa niaba yenu wote wawili, anaiandikia benki cheti kwamba umiliki ni safi, benki inamwaga hela kwenye akaunti ya wateja ya wakili, naye anamlipa muuzaji na kuandikisha haki ya benki kule HM Land Registry, ofisi ya serikali ya kuandikisha ardhi. Ndiyo maana kila benki ina orodha yake ya mawakili inaowakubali. Hiyo orodha ndiyo paneli. Wakili asipokuwemo, hata awe bingwa namna gani, benki haitampa hela.

Kuingia si kazi ndogo. Kwanza leseni, ya SRA (wasimamizi wa mawakili) au ya CLC (wasimamizi wa wanasheria wa uhamishaji wa nyumba). Bima ya makosa ya kazi isiyopungua paundi milioni 2, na milioni 3 kama ofisi imesajiliwa kama kampuni chini ya SRA. Benki nyingi zinataka pia ithibati ya Law Society, chama cha mawakili, inayoitwa CQS, yenye ada yake, mafunzo yake na kuhakikiwa upya. Baadhi hazitaki wakili anayefanya kazi peke yake bila mshirika. Nyingine zinampitisha kwenye Lender Exchange, mtandao ambako ofisi inalipa ada kila mwaka na kupakia nyaraka zake zikaguliwe. Akishaingia, anatakiwa kufuata kitabu cha masharti cha UK Finance, chama cha mabenki. Sehemu ya kwanza ni ya benki zote, ya pili kila benki ina yake.

Yote hayo nayaelewa. Baada ya 2008 benki ziligundua mikopo mingi ya udanganyifu, mingine kwa msaada wa mawakili. Oktoba 2023 SRA iliifunga kampuni ya mawakili ya Axiom Ince, na hela za wateja zaidi ya paundi milioni 60 hazikuonekana zilipo. Benki ina haki ya kuogopa. Wakili akiiba, afukuzwe siku hiyo hiyo, nitashangilia.

Lakini mama huyu hakuiba. Hakuchelewesha faili wala hakuwa na shauri popote. Sababu aliyoandikiwa ilikuwa mistari miwili: amepeleka mafaili machache mno kwa benki ile. Yaani ofisi ndogo inaondolewa kwa kuwa ndogo! Na ikishaondolewa haiwezi kupata mafaili, kwa hiyo kurudi ndiyo basi tena. Na mafaili yaliyokuwa wazi, likiwemo langu, hayakupewa nafasi hata ya kumalizika.

Si jambo jipya. Mwaka 2012 benki ya HSBC ilipunguza paneli yake ikabaki na kampuni 43 tu. Mteja akimng'ang'ania wakili wake, alilipia na wa benki juu. Kelele zilipigwa, baadaye mlango ukafunguliwa kwa wengi zaidi. (Benki yangu siitaji hapa, msinibembeleze inbox.)

Sasa sikilizeni kilichofuata. Niliomba benki iweke wakili wake, sisi tubaki na wetu, tukiwa tayari kumlipa wa kwao. Wakakataa. Tukahamia kampuni kubwa kutoka kwenye orodha yao, iliyo mji ambao sijawahi kufika. Kila nikipiga napokelewa na mtu mwingine, nasimulia upya tangu mwanzo. Uchunguzi wa nyumba kwenye kumbukumbu za halmashauri na za kampuni ya maji tulioulipia tayari hawakuukubali, wakaagiza mwingine. Halafu upatu. Wakataka "mkataba rasmi wa upatu" uliosainiwa na mwanasheria. Nikawaeleza, nikawatumia daftari, nikaandika kurasa mbili. Wakajibu wanataka taarifa za benki za wanachama wote kumi na wawili. Wanawake kumi na wawili wasiohusika na nyumba yangu wafunue akaunti zao! Saba walikubali. Dada mmoja alilia kwenye simu, akisema yeye hata mumewe hajui anacheza. Nilijisikia vibaya sana siku ile na mpaka leo sijapoa. Wiki tatu zikaenda hapo.

Na tarehe 31 Machi ikapita. Mnaofuatilia mnajua maana yake. Mpaka siku hiyo, anayenunua nyumba yake ya kwanza alikuwa halipi ushuru wa stempu, yaani kodi ya kununua nyumba, kwa paundi 425,000 za mwanzo. Kuanzia Aprili 1 kiwango kikashuka hadi 300,000. Kwa bei yetu, asilimia 5 ya zile 35,000 zilizozidi ni paundi 1,750. (Na kama una nyumba kule nyumbani, hata ya kurithi, huhesabiwi mnunuzi wa kwanza. Wengi hawalijui hilo.)

Tulikabidhiwa funguo Mei 9. Ushuru 1,750, uchunguzi wa pili 340, kazi aliyokwisha kuifanya mama wakili 780, naye alitupunguzia. Jumla paundi 2,870, kwa uamuzi ambao hatukuulizwa wala hatukuambiwa na benki yenyewe. Nilipowalalamikia kwa simu, kijana akaniambia paneli ni makubaliano kati ya benki na wakili, mteja hahusiki. Sihusiki vipi wakati jina la wakili yule limeandikwa kwenye ofa yangu ya mkopo, waliyonitumia wao wenyewe?

Ninachotaka ni kitu kimoja: wakimtoa wakili kwa uchache wa kazi, mafaili ambayo ofa zake zimeshatoka wamwache ayamalize. Kama hawataki, gharama ya kuhama walipe wao.

Kwenu mnaoanza: kabla ya kumlipa wakili, muulize yuko paneli ya benki ipi na mwaka huu ameifanyia mafaili mangapi. Ulizeni tena siku ofa inapotoka. Sehemu ya pili ya kile kitabu cha UK Finance iko wazi mtandaoni, someni ya benki yenu. Karatasi za upatu zitunzeni tangu zamu ya kwanza.

Malalamiko ya maandishi niliyapeleka Mei 20. Benki ina wiki nane za kutoa jibu la mwisho, zinaisha Jumanne ijayo, na mpaka sasa nimepata barua moja tu ya "tunashughulikia". Fomu ya Financial Ombudsman, wasuluhishi wa malalamiko dhidi ya benki, nimeshaijaza, na risiti ya ile 1,750 nimeiambatisha juu kabisa.