Naomba ushauri: nimetengeneza mafuta ya mimea nyumbani, yameota ukungu, na mtoto bado anajikuna

MamaWawili
Wakuu, habari za humu. Niko Uyole, Mbeya, na baridi ya mwezi wa saba mnaijua: ukinawa asubuhi, mikono inakakamaa hata hujapata kanga ya kujifutia. Mimi nina magaga mpaka shuka linanasa kisiginoni. Binti yangu wa miaka minne ngozi imepauka, anajikuna, na katikati ya vidole ana vipele vidogovidogo.

Nikaona nisimalizie hela dukani. Nikakata mshubiri uani, nikausaga mzima mzima, nikachanganya na mafuta ya nazi na nta ya nyuki, nikabandika sufuria kwenye jiko la mkaa. Yakafuka moshi. Yalipopoa yakawa magumu kama mshumaa, nachota kwa kisu. Siku ya tisa nafungua kopo, juu kuna manyoya ya kijivu. Nimekosea wapi?

Mrina_wa_Mufindi
Kamwene mama. Nta haina kosa hapo, kosa ni maji. Mshubiri karibu wote ni maji, na maji ndani ya mafuta ndiyo chakula cha ukungu. Wenye viwanda wanatia dawa ya kuzuia kuoza, wewe huna. Halafu umesaga na ganda lake: ule utomvu wa njano chini ya ganda unawasha ngozi hata ya mtu mzima. Kopo hilo litupe, usikwangue juu ukadhani chini kuzima.

Mimi nafanya hivi. Maua ya kalendula nayakausha kivulini mpaka yavunjike mkononi kama chipsi. Likibaki jani moja bichi, umerudi kwenye ukungu. Naloweka kwenye mafuta ya alizeti, nayaweka kwenye bakuli la bati, bakuli ndani ya sufuria ya maji, moto mdogo saa mbili au tatu. Maji yasichemke kwa fujo, na tone lisiruke likaingia. Nachuja kwa kitambaa kikavu. Kisha nta: gramu 15 kwa gramu 100 za mafuta. Vitabu vingi vinasema 20 au 25, lakini hiyo ni ya watu wa joto. Kwetu huku mafuta ya nazi yenyewe yanaganda, maana chini ya nyuzi 24 hayawi maji tena. Ukiongeza nta nyingi unapata mshumaa wako.

Kabla ya kumimina, dondosha kidogo kwenye sahani iliyokaa nje usiku, subiri dakika mbili, bonyeza kwa kidole. Magumu? Ongeza mafuta. Yanateleza? Ongeza nta. Na usiondoke jikoni, nta na mafuta vikishika moto si mchezo.

Kijana_Tukuyu
Mafuta ya parachichi je? Huku Rungwe tumejaa maparachichi.

Mrina_wa_Mufindi
Yaliyokamuliwa, sawa kabisa. Si kuponda tunda ukatia kwenye kopo, hayo ni maji tena.

Dada_Kitchen
Mimi huwa nakamulia limau, linang'arisha na kuua wadudu. Na ukikosa kalendula, tumia kamomili, huku Njombe nimeona mashamba yana maua meupe yenye moyo wa njano yamejaa.

Nesi_Mstaafu
Mwanangu, simama hapohapo. Maua hayo meupe mashambani yanaweza kuwa pareto, ile ya dawa ya kuua wadudu, na ukiipaka kwenye ngozi iliyopasuka utavimba. Usichume ua usilolijua. Limau nalo ukilipaka ukatoka juani, ngozi inababuka na kubaki na madoa meusi.

Sasa wewe MamaWawili, kabla hujaungua tena na sufuria, nijibu. Mtoto anajikuna zaidi usiku? Vipele viko kwenye viganja, kiunoni, kwapani? Kuna mwingine hapo nyumbani anayejikuna?

MamaWawili
Shikamoo mama. Usiku ndiyo balaa, analia. Kaka yake wa miaka saba naye ameanza mikononi, nikadhani anamuiga.

Nesi_Mstaafu
Marahaba. Haigi. Hilo linanukia upele, na upele ni kidudu kinachochimba ndani ya ngozi. Mafuta yako ya kalendula hata yawe mazuri namna gani hayakitoi. Kesho zahanati, watoto wote wawili. Mkipewa dawa mpake nyumba nzima siku moja, hata baba asiyejikuna. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji moto, zianikwe juani. Zisizofulika fungia kwenye mfuko wa plastiki siku nne. Muwasho unaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya dawa, usihofu ukarudia kupaka kila siku.

Magaga yako ni habari nyingine, hapo mafuta ya nta yanafaa. Oga maji ya uvuguvugu, acha sabuni ya mche kwa ngozi, na upake mwili ukiwa bado una unyevu. Mafuta ya mgando ya dukani yanafanya kazi hiyohiyo, sikufichi.

MamaWawili
Nimerudi baada ya wiki mbili. Ni upele kweli, nesi. Baba watoto alikataa kupakwa, nikamwambia basi atalala sebuleni, akapakwa. Watoto wanalala usiku kucha.

Na mafuta nimerudia: alizeti, kalendula kavu, nta gramu 15. Nimepaka kwanza ndani ya kiwiko nikasubiri siku nzima, hakuna kitu. Yamekaa kama samli. Visigino vimeanza kufunga.

Kijana_Tukuyu
Kopo shilingi ngapi?

Mrina_wa_Mufindi
Akitaka kuuza aanzie TBS, Shirika la Viwango, vipodozi viko kwao tangu 2019.

MamaWawili
Siuzi jamani. Nimepata makopo matatu tu, na moja baba watoto ameshalificha.